UZI: Shajara ya ukoo wetu haina mwanamke hata mmoja. Kwenu mnahesabu vipi?

Mwana wa Mkomani (mwanzisha uzi), Lamu

Asalaam alaykum, na salamu kwa wote wa imani nyingine.

Mwaka jana posa moja ya jamaa zetu ilivunjika siku tisa kabla ya nikahi. Wazee walikuwa wamefungua shajara, ile karatasi ndefu iliyokunjwa ambayo babu aliirithi kwa babake, wakaona kijana na msichana wanakutana kwa babu wa sita. Wakasema hapana neno, waoane. Ukumbi umetafutwa, barua zimegawiwa. Sasa siku wanawake walipokaa kuchambua mchele, bibi mmoja aliyevuka miaka themanini akauliza: huyu kijana, mamake alipougua baada ya kumzaa, nani alimnyonyesha? Watu kimya. Mamake kijana ni marehemu. Bibi akajijibu mwenyewe: "Huyu na mamake bibi arusi wamenyonya ziwa moya."

Aliyemnyonyesha ni nyanya wa bibi arusi, naye pia keshafariki. Wakati ule alikuwa na kitinda mimba wake mchanga, akamchukua na mtoto wa jirani kwa mwezi na zaidi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, minyonyo mitano kabla mtoto hajatimiza miaka 2 inatosha kumfanya mwanao. Kwa hiyo yule kijana alikuwa mjomba wa kunyonya wa msichana aliyetaka kumuoa. Walipatikana wanawake wengine wawili waliokumbuka, na nikahi ikaachwa.

Tangu siku hiyo sijatulia. Niliomba ninakili ile shajara kwa sababu karatasi inaliwa na chumvi. Ina vizazi kumi na kimoja. Fulani bin Fulani bin Fulani, matawi kulia na kushoto, na hakuna mwanamke hata mmoja ndani yake. Si mke, si binti, si mama. Babu yangu ana dada wanne, na kwenye karatasi yumo peke yake kama mnazi uwanjani.

Na hapa ndipo panaponitatiza, kwa sababu ukitoka kwenye karatasi ukaingia mitaani Lamu, mambo ni kinyume. Nyumba ya mawe ni ya mwanamke. Baba mwenye uwezo humjengea binti au humpa orofa ya nyumba yake, na mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Mimi nimezaliwa katika chumba alichozaliwa mama, na mama alizaliwa humo humo, na nyanya pia. Baba alikuja kwetu. Ukiniuliza ukoo nitakutajia wa baba, lakini kuta zilizonilea ni za kukeni. Mbona kuumeni kumeandikwa na kukeni kumeachiwa vichwa vya wazee wanaokufa?

Nataka kusikia kwenu mnahesabu vipi. Malindi, Faza, Kwale, Ngazija kule Komoro, popote.

---

Ganda Shambani, Malindi

Dada, pole kwa hiyo posa. Mimi ni Mgiriama wa Malindi, na kwetu hiyo ndoa ingekufa mapema zaidi, palepale mlipoona mnakutana kwa babu wa sita. Sisi mtu haoi katika mbari yake. Hata kama hamjuani na mmekutana mjini, ukishataja mbari na mwenzako akataja hiyohiyo, nyinyi ni ndugu, basi.

Kwa hiyo tunapoona jirani zetu Waswahili wakimsifu anayemuoa binti ami, wazee wetu hushangaa. Nao hutushangaa sisi kwa mahari ya kwenda kutafuta mbali. Sisi na nyinyi sote twafuata baba, ila mmoja anafunga mlango pale ambapo mwingine anaufungua.

Shajara ya karatasi hatuna. Tuna majina. Mwanangu wa kwanza wa kiume nampa jina la baba yangu, naye wake atampa langu. Ndiyo maana utasikia Charo wa Kazungu wa Charo wa Kazungu, majina mawili yanapokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Ukimjua mtu jina lake na la babake, umeshamjua na babu yake. Na mjukuu mwenye jina la babu hatajwi ovyo ovyo mbele ya bibi, kwa sababu bibi humwita "mume wangu" na kumtania hivyo hivyo.

Kitu kingine ni vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu. Mzee wa Gohu, chama cha wazee wetu, akifa huchongewa kigango na kusimamishwa, na hapo ndipo anapokumbukwa na kupewa chake. Ile ni nasaba iliyosimama wima kwenye udongo. Vijana wengine na wafanyabiashara waliving'oa wakaviuza kwa watalii, vikafika makumbusho za Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30. Nakuuliza dada, kigango kikirudi bila kujulikana kilitoka boma gani, ni babu wa nani? Karatasi yako inayoliwa na chumvi angalau bado ina majina.

---

Langoni Kwetu, Lamu

Nasema kwa heshima, mwanzisha uzi usije ukakasirika. Hapa pana hatari ya kuchanganya mila na dini. Sura ya 33 aya ya 5 imesema waiteni kwa baba zao. Nasaba ni ya baba. Mirathi inagawanywa kwa nasaba, walii wa ndoa anatoka kwa baba, binti asiye na baba huozwa na babu kuumeni, kaka, ami. Mjomba si walii. Wazee walioandika shajara hawakuwadharau wanawake, waliandika kile kinachohitajika na kadhi. Ukianza kuweka kila mama na mama yake, karatasi itakuwa mti usio na shina.

Halafu hilo la kunyonya halina dawa kwenye shajara ya aina yoyote. Hiyo ni kazi ya mashahidi.

---

Mwana wa Mkomani

Sikasiriki ndugu yangu, na hoja ya walii ni ya kweli, siipingi. Sikutaka jina la baba lifutwe. Nataka la mama liandikwe kando yake.

Lakini niambie jambo moja. Masharifu wa mji huu tunawabusu mikono kwa nini? Kwa kizazi cha Mtume, salallahu alayhi wasalam. Na kizazi hicho kimepita kwa nani? Kwa Bi Fatuma. Mtume hakuacha mtoto wa kiume aliyekua akazaa. Kila shajara ya sharifu duniani, iwe ya Jamalilleil, iwe ya Husseini, ukipanda juu utapita wanaume, wanaume, wanaume, kisha unafika kwa Hassan au Hussein na hapo lazima uandike jina la mwanamke, ama kamba imekatika. Basi karatasi inayoheshimiwa kuliko zote ina mama kwenye kiungo chake kikuu. Haikuwa mti usio na shina.

Na hilo la "kinachohitajika na kadhi" nimelifikiria sana. Kuna sababu ya pili ya kuwaacha kina mama, nayo wengi hatupendi kuitaja. Kwa sheria, mtoto wa suria akikubaliwa na baba ni huru, ni mwana kamili, anarithi sawa na nduguze wa mke wa ndoa. Ni sheria iliyomlinda mtoto. Ila ilikuwa rahisi kwa kizazi kilichofuata kuandika jina la baba na kumwacha yule mama aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani yetu mwaka 1907, si zamani hivyo. Nyanya wa nyanya zetu walikuwako. Katika vizazi kumi na kimoja vya karatasi yetu, nimeambiwa na wanawake wa nyumbani kwamba wawili walizaliwa na masuria. Wa mmoja jina limehifadhiwa, kwa sababu kuna wimbo wa kubembeleza mtoto unaomtaja na bado tunauimba. Wa pili hatuna hata jina. Yeye ni mama yangu kama alivyo baba yangu yule aliyeandikwa kwa wino.

Kuna na ushahidi wa mifupa. Machi 2023 watafiti, akiwemo Profesa Chapurukha Kusimba wa hapa Kenya, walitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800 hivi. Kati ya miji waliyochunguza ipo Mtwapa, Manda na Faza. Waliona kwamba kuanzia mwaka 1000 hivi wanaume wa kutoka Asia, wengi wa asili ya Uajemi, walizaa na wanawake wa Afrika. Ule urithi unaopita kwa baba tu ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Asia. Ule unaopita kwa mama tu ulikuwa karibu wote wa Afrika. Wengine walisoma habari ile wakashangilia kwamba hadithi za asili yetu ya Shirazi, Uajemi, zina ukweli ndani yake. Mimi nilisoma nikawaona mama. Hadithi zetu zimetunza majina ya wanaume waliokuja na majahazi, na hazikusema waliozaa nao ni kina nani, ilhali lugha tunayoandikia hapa ni ya hao kina mama. Watoto huongea lugha ya anayewaimbia.

---

Mngazija wa Shela

Mwanzisha uzi umenigusa. Mimi asili ni Ngazija, babu alikuja Lamu na jahazi la nazi. Na hapa Lamu mnatukumbuka kwa jambo moja kubwa, kwamba Habib Swaleh, aliyeanzisha msikiti na chuo cha Riyadha na kuifanya Lamu mji wa maulidi, alizaliwa kwetu.

Kwetu sisi ni Waislamu, ni Mashafii kama nyinyi, na bado ukoo wetu unafuata mama. Tunauita inya. Mtoto ni wa inya ya mamake, na mjomba ana sauti nzito katika mambo yake. Nyumba na shamba la familia ni manyahuli, mali ya wanawake, hutoka kwa mama kwenda kwa binti, haiuzwi ovyo wala haigawiwi. Mwanamume hujengea dada zake na binti zake, halafu yeye akafunga ndoa kubwa akahamia kwa mkewe. Sharifu kwetu ana vitu viwili kwa pamoja: usharifu kwa baba na inya kwa mama. Hakuna anayeona kwamba kimoja kinaua kingine.

Kwa hiyo ile nyumba ya mawe unayoisema si kitu cha Lamu peke yake. Kamba inaonekana.

---

Bahari ya Hindi

Nimefanya kazi melini miaka mingi na ningependa kuongeza. Anachosema Mngazija nimekikuta mbali. Kule Sumatra Magharibi, Indonesia, kuna Waminangkabau, Waislamu wa kuswali hasa, na ndio jamii kubwa kuliko zote duniani inayofuata ukoo wa mama. Nyumba kubwa yenye paa la pembe kama za nyati ni ya wanawake. Wamepatanisha mila na sheria hivi: mali ya mababu hupita kwa wanawake wa ukoo na haiguswi, ila alichochuma mtu kwa jasho lake kinarithiwa kwa sheria ya Kiislamu. Kijana wa kiume hutoka kwenda kutafuta maisha ugenini. Ni desturi yao, na ndiyo maana utawakuta kila mji wa Indonesia.

Pwani ya Malabar vilevile, walikotoka wafanyabiashara waliotuletea misaji na pilipili. Kannur palikuwa na ufalme wa Waislamu wa Arakkal, ukoo wa mama, na wakati mwingine mtawala mwenyewe alikuwa mwanamke, aliitwa Bibi. Ukienda Ghana, Waashanti huhesabu damu kwa mama, na Asantehene, mfalme wao, hapatikani bila mama mfalme kumtaja.

Mimi sijui nani alimfundisha nani. Ila mabaharia wanakaa nje miezi na miaka. Lazima nyumba iwe ya anayebaki.

---

Ganda Shambani

Hapo kwa Wadigo mmesahau, nao ni Mijikenda wenzetu. Zamani mali ya Mdigo ilikwenda kwa mtoto wa dada, si mtoto wake. Waliposilimu wakakutana na mirathi ya Kiislamu inayompa mtoto wa kuzaa, na kesi za mjomba na mpwa dhidi ya wana zikajaa kwa makadhi na kwa wakoloni. Waduruma wao wana zote mbili, kila mtu ana ukoo wa kuumeni na ukoo wa kukeni, na kila mmoja una kazi yake. Miji tisa, jamii moja, na hesabu tatu tofauti.

---

Kijana wa Faza

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Nyanya yangu husema "mkoi wangu" na nimezoea kusema "cousin" tu. Mkoi ni nani hasa? Na mbona Kiingereza kina neno moja la wote, nasi tuna maneno mengi hivi?

---

Mwana wa Mkomani

Swali zuri sana mdogo wangu, na jibu lake ndilo lililonifungua macho mimi.

Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Hao wamehesabiwa wazazi. Watoto wao basi ni ndugu zako, huna haja ya neno jingine. Lakini dada wa baba si baba, amevuka jinsia. Ana jina lake, shangazi. Kaka wa mama naye ana lake, mjomba. Watoto wa hao wawili ndio wakoi. Ni namna ya kuhesabu ambayo watu wengi wa Afrika wanayo, na hata Wairokwa wa Marekani ya Kaskazini wanayo. Kuna mwanasheria Mmarekani, Lewis Henry Morgan, aliyekusanya maneno ya ujamaa ya watu wa kila upande wa dunia akayachapisha 1871, na kwa kuyapanga tu aliona kwamba watu wasiojuana kabisa wanagawa jamaa kwa kanuni ileile. Hawaii ya zamani hawakugawa kabisa: kila mtoto wa ami, shangazi au mjomba ni ndugu. Waarabu wanagawa mpaka mwisho, kila mmoja na jina lake.

Kisha angalia kilichotokea kwetu. Uarabu ulipoingia ulituletea ami na khalati (dada wa mama) na binamu. Vimekaa wapi? Vimekaa juu ya baba mdogo, mama mdogo na watoto wao, pale palipokuwa na nafasi. Mjomba na shangazi hawakuguswa. Wao wamebaki na majina ya Kibantu mpaka leo, kwenye mji uliojaa misikiti na vitabu vya Kiarabu. Hata mwana wa sharifu akiumia hukimbilia kwa mjomba. Mtu anaweza kubadilisha jina la ami, la mjomba halibadiliki.

Ila binamu sasa amekula wote. Vijana wanamwita binamu hata mtoto wa mjomba, ambaye si bin ami kabisa. Mkoi anakufa. Mwambie nyanya aendelee kulisema, na wewe liseme.

---

Mpita Njia, Malindi

Na kabila la Wasomali wanaotupakana huko Ijara na Kiunga? Mtoto mdogo wa kule atakupigia mababu kwa kichwa mpaka uchoke. Wanaita abtirsi. Ukikutana na mtu njiani, mnapanda mababu mpaka mpate mlipokutana, ndipo mjue mna deni gani la damu na nani atalipa dia. Wanaume watupu hapo pia.

---

Mwana wa Mkomani

Kweli, na inafanya kazi kubwa, nimeiona. Hata kwenye maombi ya kitambulisho, wengi wetu wa pwani tuliulizwa babu na babu wa babu, na aliyekuwa nao kichwani alipita upesi. Sikuulizwa nyanya.

Lakini hata wenye nasaba ndefu kuliko wote wamebadilika. Ukoo wa Confucius, China, wana vitabu vya nasaba ya zaidi ya miaka 2000, na toleo la 2009 ndilo la kwanza kuandika wanawake. Korea Kusini sheria ilikataza watu wa jina moja na asili moja kuoana, kama Wagiriama tu, mpaka mahakama yao ya katiba ilipoitengua 1997. Watu walikuwa wakipendana na kuzaa, na ndoa zao hazisajiliwi. Shajara inaandikwa na binadamu na inaweza kuandikwa upya.

---

Langoni Kwetu

Nimerudi. Juzi niliposoma hilo la Bi Fatuma nilinyamaza, nikaona niende kwa mama. Nikamuuliza: mama, mamako ni nani, na mamake, na mamake? Hajawahi kuulizwa na yeyote, ana miaka sabini na sita. Alitaja wanne bila kusita, na kila mmoja akaniambia alizaliwa nyumba gani, alifariki wapi, na nani alimuosha. Wa tano akafikiri. Akasema huyo waliambiwa alikuja kutoka Siyu baada ya vita, akiwa na mtoto mgongoni. Jina lake lilikuwa lake mama yangu. Amepewa yeye, na hakujua mpaka alipokuwa analisema.

Sasa nauliza kiufundi, siyo kubisha. Unaandikaje? Mkono wa kulia baba, wa kushoto mama? Na wa kunyonya unawaweka wapi?

---

Mwana wa Mkomani

Allah amhifadhi mama. Ulichokipata ni kikubwa.

Mimi nimeanza upya kwenye bango la karatasi nne zilizogundishwa. Baba kwa wino mweusi kama ilivyokuwa, sikugusa kitu. Mama kwa wino wa buluu, jina lake na la mamake, na mtaa. Chini ya kila mama naandika nyumba, kwa sababu nyumba hazisahauliki kama watu. Mwenye jina lililopotea namwekea mviringo mtupu wa buluu, sitamruka. Wa kunyonya nawaunganisha kwa vitone, na pembeni jina la aliyenyonyesha, mwaka kama upo, na mashahidi wawili, ili usemavyo wewe kuhusu ushahidi uwe umetimia wangali hai.

Vitone viko saba hadi sasa, na vinne kati yake hakuna mwanamume yeyote wa ukoo aliyekuwa akivijua. Kesho baada ya alasiri naenda Matondoni, kuna mkunga wa zamani amenikubalia kuongea. Macho yamemwishia, lakini nimeambiwa mjukuu wake atanisaidia kumwelewa akichoka. Nikirudi nitaandika hapa.